Viungo vya Mapishi: Faida Yake ya Kweli na Mipaka Yake

Kusini-mashariki mwa Mkoa wa Mtwara, karibu na mahali ambapo Mto Ruvuma unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, iko kata ya Mahurunga. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Bondeni hulimwa mpunga. Penye mwinuko hupandwa muhogo, mikorosho na minazi. Bahari na mto hutoa samaki. Chakula cha kila siku cha jamaa nyingi za huko, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani ya kusini, ni ugali wa muhogo au wali, pamoja na kisamvu, kunde, mbaazi, au samaki aliyeungwa kwa nazi. Ndimu, pilipili, kitunguu, embe mbichi, ukwaju na mchaichai ni vitu vinavyojulikana vizuri katika majiko ya sehemu hizo, na pale fedha inapopatikana, dukani hununuliwa bizari, mdalasini na karafuu.

Katika miaka ya karibuni viungo hivi vimepata sifa mpya. Magulioni na katika stendi za mabasi nchini kote huuzwa vifurushi vya unga wa tangawizi, manjano na mdalasini pamoja na ahadi kwamba vinaponya shinikizo la damu, kisukari, vidonda vya tumbo, hata saratani. Kwa upande mwingine, wapo watu wenye elimu wanaoviona viungo kuwa ni pambo la chakula tu, jambo la ladha lisilohusu afya hata kidogo. Pande zote mbili zimekosea, na makosa hayo yana gharama yake. Anayeamini ahadi za gulioni huweza kuacha dawa alizopewa na mganga wa zahanati. Anayevidharau viungo huinyima jamaa yake njia rahisi ya kujikinga na maradhi ambayo leo yanazidi kuenea mijini na vijijini. Yafaa basi kueleza viungo vinafanya nini hasa katika chungu, na ni kitu gani ambacho haviwezi kukifanya.

Viungo hufanya kazi namna gani

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui. Ukishambuliwa na wadudu, ukungu au wanyama, silaha yake kubwa ni kemikali zinazotengenezwa katika majani, mizizi, maganda na mbegu zake. Harufu na ukali ambao mpishi huupenda ni sehemu ya silaha hizo. Kitunguu saumu ni mfano mzuri. Punje nzima haina harufu kali, kwa sababu vitu viwili vinavyohitajiana vimetengwa ndani ya chembe zake. Punje inapopondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimejitenga hukutana na mwenzake, na papo hapo huzaliwa alisini, kitu chenye salfa ambacho ndicho kinachotoa ile harufu iliyozoeleka na ambacho huweza kuua baadhi ya vijidudu. Moto mkali hukivunja kimeng'enya hicho; kwa hiyo mpishi anayeponda kitunguu saumu na kukiacha kwa dakika chache kabla ya kukitia katika sufuria hupata nguvu kubwa zaidi kuliko yule anayekitia kizima. Karafuu nayo ina mafuta yenye eujeno, kitu ambacho matabibu wa meno wamekitumia kwa muda mrefu kutuliza maumivu.

Pilipili ina historia yenye mafunzo zaidi. Mmea huu uliletwa kutoka Amerika baada ya safari za Wareno na Wahispania, nao umekuwa mwenyeji wa pwani hii kiasi cha kudhaniwa kuwa wa asili. Kitu kinachowasha ndani yake huitwa kapsaisini. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake, huko Marekani, waligundua kwamba kapsaisini hugusa kipokezi kilekile cha mishipa ya fahamu kinachotambua joto kali. Ndiyo maana mlaji wa pilipili husema kinywa "kinaungua" ingawa hakuna moto. Kwa ugunduzi huo na mengine yaliyofuata, Julius alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Pilipili imesingiziwa pia. Kwa muda mrefu watu, wakiwamo madaktari, walidhani kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na vyakula vikali. Katika miaka ya 1980 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba mkosaji mkubwa ni bakteria anayeishi katika utando wa tumbo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwenye vidonda huenda akaumizwa na pilipili, naye ana haki ya kuiepuka, lakini haikuwa yeye pilipili aliyevileta. Tiba yake ni dawa za kuua bakteria huyo, wala haipatikani kwa kuacha pilipili au kwa kunywa unga wa mizizi.

Faida ya kwanza: kupunguza chumvi

Jambo la maana kuliko yote ambalo viungo hulifanya kwa afya halitokani na kemikali yoyote ya siri. Linatokana na ukweli kwamba chakula chenye ukali, uchachu na harufu nzuri hakihitaji chumvi nyingi ili kiwe na ladha.

Mwili wa binadamu hauwezi kuishi bila chumvi, lakini mahitaji yake ni madogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Kwa wastani, watu wazima wa dunia hula zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Sodiamu iliyomo katika chumvi hushikilia maji mwilini na kuongeza shinikizo la damu katika mishipa. Na shinikizo hilo likidumu kwa miaka mingi huleta kiharusi, ugonjwa wa moyo na kuharibika kwa figo. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kiasi cha robo ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la damu lililo juu. Wengi wa wenye maradhi haya hawajitambui, kwa sababu hayaumi mpaka yameharibu.

Je, viungo vinaweza kusaidia kweli? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wazima 55. Watu wote walizoeshwa kwanza chakula chenye chumvi kidogo kwa majuma manne. Kisha waligawanywa katika makundi mawili kwa kura: kundi moja lilifundishwa kupika kwa viungo badala ya chumvi, na jingine likaachwa lijitegemee. Baada ya majuma 20, kundi la viungo lilikuwa likila kiasi cha miligramu 957 za sodiamu kwa siku chini ya wenzao, yaani pungufu ya gramu mbili na nusu hivi za chumvi, ambazo ni karibu nusu ya kiasi chote kinachoruhusiwa kwa siku. Jaribio lenyewe ni dogo na lilifanywa mbali na Ruvuma, lakini linaeleza jambo ambalo kila mpishi mzuri wa pwani analijua: mchuzi wenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu hauombi chumvi ya kuongezwa mezani.

Katika pwani ya kusini, chumvi huingia chunguni kwa milango mitatu. Wa kwanza ni mkono wa mpishi. Wa pili ni ng'onda na samaki wengine waliokaushwa kwa chumvi, ambao wameliokoa samaki lisioze tangu zamani za kale. Ng'onda akilowekwa na maji yale yakamwagwa kabla ya kupikwa, sehemu kubwa ya chumvi huondoka naye hubaki kuwa chakula bora chenye protini. Mlango wa tatu ni mpya, nao ndio wa kutazamwa zaidi: vidonge vya mchuzi vinavyouzwa katika kila duka la kijiji. Aghalabu nusu ya uzito wa kidonge hicho, au zaidi, ni chumvi tupu. Mpishi anayetia vidonge viwili na kisha akaongeza chumvi "ya kawaida" hujiona ametia chumvi mara moja, kumbe ametia mara mbili. Jani la mchaichai, kipande cha tangawizi na ndimu iliyotoka mtini hufanya kazi ya kidonge hicho bila gharama yake ya baadaye.

Wapo watakaouliza: mvuvi anayevuta nyavu juani na mkulima anayepalilia mpunga hawapotezi chumvi kwa jasho? Hupoteza, na mahitaji yao huzidi kidogo ya mtu akaaye ofisini. Lakini mwili uliozoea kazi ya juani hujifunza kutoa jasho lenye chumvi kidogo zaidi, na chakula cha kawaida cha samaki na mboga kilichotiwa chumvi kwa kiasi hulipa upungufu huo. Kinachomwua mtu juani mara nyingi ni kukosa maji, siyo kukosa chumvi.

Faida ya pili: kupendezesha chakula bora

Majani na kunde ni hazina ya mwananchi asiye na fedha ya nyama kila siku. Kisamvu, majani ya maboga, mchicha, mbaazi, choroko na kunde huleta protini, madini na vitamini kwa bei ndogo. Tatizo lake ni kwamba vikipikwa kwa maji na chumvi tu, watoto huvichoka. Hapo ndipo kitunguu, tui, bizari na ndimu hufanya kazi ambayo hakuna mhadhara wa lishe uwezao kuifanya: humfanya mtoto aombe sahani ya pili.

Ndimu ina faida nyingine iliyothibitishwa na sayansi. Madini ya chuma yaliyomo katika majani na kunde ni magumu kufyonzwa na utumbo, tofauti na yale ya nyama na samaki. Vitamini C ikiwapo katika mlo uleule, ufyonzaji huo huongezeka sana. Kwa kuwa moto huivunja vitamini hiyo, ndimu ikamuliwe wakati chungu kimekwisha kuteremshwa. Kinyume chake, chai iliyokolea inywewapo pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe; ni heri iachwe mpaka saa moja au zaidi baada ya kula. Haya si mambo madogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na upungufu wa damu. Ndimu moja haitaondoa tatizo lenye sababu nyingi kama malaria na minyoo, lakini ni msaada ambao hauna sababu ya kutotumiwa mahali ambapo mti wake unaweza kuota karibu na nyumba.

Viungo si badala ya dawa

Kutokana na faida hizo wapo wanaoruka hadi katika madai makubwa. Tuchukue manjano. Kitu chake chenye rangi, kinachoitwa kukumini, kimeonyesha nguvu nyingi katika chupa za maabara. Lakini binadamu si chupa. Kukumini hufyonzwa kwa shida sana na utumbo, na sehemu kubwa hupita bila kuingia katika damu. Pilipili manga ina pipirini, ambayo huongeza ufyonzaji huo kwa kuzuia ini na utumbo visikivunje kitu hicho upesi. Hata hivyo pipirini inaweza kuzuia vilevile kuvunjwa kwa baadhi ya dawa za hospitali, zikazidi mwilini kuliko alivyokusudia mganga. Kiasi kinachotiwa katika mchuzi hakina hatari. Hatari iko katika vidonge na unga unaolambwa kwa vijiko kama dawa.

Mfano mwingine ni uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 kutoka China, uliowafuatilia watu karibu 490,000 kwa miaka kadhaa. Waliokula vyakula vya pilipili karibu kila siku walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa asilimia 14 kuliko waliokula mara chache chini ya moja kwa juma. Habari kama hii hupendeza kutangazwa. Lakini uchunguzi wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Huenda wala pilipili wale hutofautiana na wenzao kwa kazi, kwa chakula kingine au kwa mazingira. Watafiti wenyewe walilisema hilo waziwazi; wauzaji wa vifurushi hawalisemi.

Kadhalika kiungo chenyewe kinaweza kuwa na dosari. Nchini Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 uligundua kwamba baadhi ya wasindikaji wa manjano walikuwa wakitia rangi yenye madini ya risasi ili unga ung'ae zaidi. Risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Serikali ya huko ilichukua hatua kali, na katika muda wa miaka miwili rangi hiyo ikatoweka sokoni. Pilipili iliyoanikwa chini penye unyevu nayo huweza kuota ukungu unaotoa sumukuvu, ile ile sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kupitia mahindi. Kwa sababu hiyo ni afadhali kununua kiungo kizima na kukitwanga nyumbani, kukianika juu ya kichanja au mkeka safi, na kukitupa kikionyesha ukungu.

Uchungu ambao haufai kufichwa

Liko jambo moja ambalo kwa wakaaji wa bonde la Ruvuma ni zito kuliko yote yaliyotajwa. Muhogo mchungu hupendwa na wakulima kwa sababu nguruwe mwitu na wezi hauwavutii, na kwa sababu huvumilia ukame. Uchungu wake ni ishara ya vitu vinavyozaa sayanidi, sumu kali. Vitu hivyo huongezeka mvua inapokosekana, yaani wakati uleule ambapo hakuna chakula kingine.

Jamaa wakila kwa majuma mengi muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, na wakati huohuo wakikosa samaki, kunde na vyakula vingine vya protini, wanaweza kupatwa na ugonjwa uitwao konzo. Miguu hulegea ghafla kisha hukakamaa, na kupooza huko hakuponi maisha yote. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza katika Kongo mwaka 1938. Mwaka 1981 ulilipuka katika Msumbiji ya kaskazini na kuwakumba watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ulionekana Tarime. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifika katika wilaya za Mtwara na Mbinga.

Hapa lazima isemwe bila kuficha: hakuna kiungo kinachoondoa sumu ya muhogo. Tui, bizari, ndimu na pilipili vinaweza kuufunika uchungu, lakini sumu hubaki palepale. Zaidi ya hayo, kuufunika uchungu ni kulinyamazisha onyo. Kinachoondoa sumu ni kuzivunja chembe za mmea ili kimeng'enya kilichomo kifanye kazi na gesi ya sayanidi iruke hewani. Ndiyo sababu ya kisamvu kutwangwa sana katika kinu na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa kabla ya kutiwa nazi; bibi waliofundisha kazi hiyo hawakuijua kemia, lakini walijua matokeo. Kwa mizizi, kuloweka kwa siku kadhaa ndiyo njia iliyo bora, na kuanika makopa juani peke yake ndiyo iliyo dhaifu. Iko pia njia iliyobuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Australia na kujaribiwa katika Afrika, hata Mtwara: unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusongwa ugali siku ileile. Sumu iliyobaki hupungua mara tatu hadi sita. Haihitaji chombo wala fedha.

Muhogo unaikumbusha pia chumvi. Mwili unapoiharibu sayanidi kidogo iliyobaki katika chakula, hutengeneza kitu kinachozuia tezi ya shingo kupata madini joto, ambayo upungufu wake huleta uvimbe wa tezi na kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Watu wengi wa pwani huamini kwamba chumvi ya bahari ina madini hayo kwa asili. Ukweli ni kwamba chumvi iliyokaushwa mashimoni ina kiasi kidogo mno. Lazima itiwe, kama sheria za nchi zinavyotaka tangu katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye kupunguza chumvi kwa msaada wa viungo asipunguze madini joto: chumvi hiyo kidogo iwe ile iliyotiwa madini, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

La kufanya

Wapo watakaosema kwamba viungo ni anasa, na kwamba mwenye njaa hachagui. Hoja hii ingekuwa na uzito kama viungo vyote vingetoka Unguja au milima ya Usambara. Lakini mchaichai huota penye maji ya kuoshea vyombo. Pilipili huzaa karibu na ukuta wa nyumba. Ndimu na ukwaju hustahimili kiangazi cha kusini. Kitu kilicho ghali ni kidonge cha mchuzi kinunuliwacho kila siku, na kilicho ghali zaidi ni matibabu ya kiharusi.

Tanzania ina mfano wake yenyewe wa kufundisha mambo kama haya. Mwaka 1973, mwaka ambao pia sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe ilipitishwa, kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wengi vijijini katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Na mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Mafunzo yale yalifaulu kwa sababu yalizungumza juu ya vitu ambavyo kila mtu anavyo nyumbani kwake: choo, kisima, shamba, chungu. Elimu ya maradhi ya moyo inahitaji kurudi katika njia hiyo. Kliniki ya mama na mtoto inayompima mjamzito shinikizo la damu inaweza kumwonyesha pia namna ya kupika mbaazi kwa chumvi nusu na viungo viwili. Shule yenye bustani inaweza kuwa na tuta la mchaichai na pilipili karibu na tuta la mchicha. Bwana shamba anayegawa mbegu za muhogo hana sababu ya kutofundisha kulowanisha unga. Na wenye mamlaka ya kusimamia vyakula na dawa wasiwaachie wauza vifurushi uwanja wote wa kusema.

Mama wa Mahurunga anapoketi mbele ya kinu chake, ana mikononi mwake maarifa ya vizazi vingi na, pembeni ya nyumba yake, mimea ambayo sayansi ya leo inaiheshimu. Anastahili kuambiwa ukweli wote kuihusu: kwamba ndimu yake ni rafiki wa damu ya binti yake, kwamba tangawizi yake inaweza kumpunguzia mumewe chumvi, kwamba vidonge vya shinikizo la damu vilivyotoka zahanati havina badala yake katika kifurushi cha gulioni, na kwamba uchungu wa muhogo hutolewa kwa maji, kwa kinu na kwa muda, wala haufunikwi kwa bizari.